Silikanti wa Tanga
Msikilizaji, ukisimama ufukweni Tanga unaona uso wa bahari tu. Mita 200 za juu ndizo zenye mwanga wa kutosha kuotesha mimea. Humo ndimo walimo changu na dagaa. Kuanzia hapo hadi mita 1,000 ni utusitusi, na chini yake giza totoro, ambako mwanga pekee ni ule unaotolewa na viumbe wenyewe.

Mimi moyo wangu uko pale mwanga unapofifia, kwenye mapango ya mwamba. Humo silikanti hujificha mchana, usiku akatoka kuwinda. Ni samaki wa buluu mwenye madoa meupe, na mapezi yake yana nyama, mithili ya miguu mifupi. Wataalamu waliamini alitoweka pamoja na madainosari, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga alianza kunaswa 2003, kwenye majarife ya papa. Huzaa watoto hai, tena baada ya mimba ndefu mno, hivyo kila jike anayekufa ni hasara kubwa.

Ndugu mvuvi, tafadhali, usishushe jarife kwenye miteremko yenye mapango hayo.