MANYOYA YA KUKU NI MBOLEA
(Maneno ya Katibu katika mkutano wa wanaushirika)



Tuanze na kosa letu. Sisi wa ofisi ndio tuliosema manyoya yatupwe korongoni. Mvua ikayasomba hadi kwenye kijito tunachochota maji. Tukasema basi yachomwe, na nyie mnaokaa karibu mkavumilia moshi. Halafu msimu wa kulima tukachangishana fedha za mbolea. Yaani tunachoma mbolea, kisha tunanunua mbolea!

Maana nyoya ni nini? Karibu sehemu 90 katika 100 za nyoya kavu ni protini iitwayo keratini. Ndani yake mna naitrojeni, kiasi cha sehemu 15 katika 100, ambayo mahindi huihitaji ili yastawi. Ila keratini imefungwa na salfa, imekaza kama kamba iliyosokotwa. Ndiyo sababu tumbo la kuku haliwezi kusaga nyoya. Hata harufu ile ya kuchoma ni salfa hiyo.

Wanaoweza kufungua kamba hiyo ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1990 wataalamu wa chuo kikuu cha jimbo la North Carolina, Marekani, walieleza habari za bakteria mmoja waliyempata katika mtambo wa kuozesha kinyesi cha kuku. Jina lake Bacillus licheniformis. Hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha nyoya, kama mate yanavyolainisha chakula. Bakteria wa namna hii wamo pia udongoni. Hatuna haja ya kuwaagiza. Wao wanataka joto, unyevu na hewa tu.

Basi tufanye hivi:

1. Tuloweke manyoya kwanza, maana nyoya kavu linakataa maji.
2. Mbali na kijito, tupange mabua yaliyokatwakatwa, manyoya, samadi na udongo kidogo. Manyoya yawe tabaka jembamba, yasishikamane yakakosa hewa.
3. Tuchomeke kijiti kirefu katikati. Kikitoka cha moto, bakteria wako kazini. Kikitoka kikavu, tumwagie maji.
4. Tugeuze lundo kila baada ya wiki mbili au tatu. Tungoje miezi kadhaa, mpaka nyoya lisionekane.

Onyo: manyoya ya kuku waliokufa kwa kideri au ugonjwa wowote yasiingie humo. Hayo yafukiwe katika shimo refu.

Hatusemi mbolea hii itatosha shamba zima. Tuitie kwenye mistari michache ya mahindi ya ushirika, na mistari ya jirani tuiache bila kitu, kila mtu ajionee mwenyewe. Sisi wengine tulijua kusoma ukubwani, katika kisomo. Kuchelewa kujua siyo aibu. Aibu ni kujua, halafu tukarudi korongoni.

Jumamosi asubuhi tukutane bandani. Kila nyumba ilete jembe na mzigo wa mabua. Sisi wa ofisi tutaanza kulowesha manyoya kabla hamjafika.


Katibu