Mawazo, Chakula na Ugonjwa wa Kisukari

Natumaini nyote mmekwisha kukaa, na mwalimu wenu amekwisha kuandika ubaoni maneno matatu ya leo. Maneno yenyewe ni haya: INI, KONGOSHO, INSULINI. Mawili ya kwanza ni viungo vilivyomo tumboni mwako. La tatu ni jina la kitu kinachotengenezwa na kongosho na kutiwa katika damu. Yasomeni polepole pamoja na mwalimu, kisha tuendelee.

Mtu akiugua kisukari mtaani petu husikia maneno ya namna mbili. Majirani husema, "Ni mawazo hayo. Tangu alipofiwa hakupata raha." Akienda zahanati huambiwa, "Ni chakula, ni unene, ni kukaa kitako mchana kutwa." Mgonjwa hubaki katikati, na mara nyingi huchagua upande mmoja. Aliyechagua mawazo hujiambia kwamba moyo ukitulia atapona, basi hapunguzi kitu mezani. Aliyechagua chakula huacha kutia sukari katika chai, lakini usiku halali kwa ajili ya deni, kisha hushangaa kuona kipimo hakishuki. Mimi naona kila upande umesema nusu ya kweli. Tutazame nusu hizo zinavyokutana ndani ya mtu mmoja.

Ukila ugali, wali, ndizi au muhogo, tumbo hugeuza sehemu kubwa ya chakula hicho kuwa sukari, nayo huingia katika damu. Si lazima kiwe kitu kitamu mdomoni. Sukari hiyo ndiyo nguvu ya kulimia na kubebea mizigo. Lakini haiwezi kuingia katika nyama ya mwili mpaka ifunguliwe mlango, na mfungua mlango ni insulini. Sukari inayobaki huwekwa akiba katika ini, kama mahindi ghalani. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wengi, milango huwa migumu. Kongosho huongeza insulini, huongeza tena, mwisho huchoka. Hapo sukari hujaa katika damu na kuharibu macho, figo, mishipa na miguu.

Iko aina nyingine, ya kwanza, ambayo mara nyingi huwapata watoto na vijana. Huko kongosho limeharibiwa na kinga ya mwili wenyewe, na mgonjwa hana budi kupata sindano za insulini kila siku. Mama wa mtoto wa namna hiyo asilaumiwe kwa chakula alichompa, wala asiambiwe mtoto ana mawazo. Somo la leo halimhusu.

Sasa tuje kwenye mawazo. Ukikutana na nyoka njiani, ubongo hupeleka habari mara moja kwenye tezi mbili zilizo juu ya figo. Tezi hizo hutoa adrenalini na kortisoli. Vitu hivi viwili huliamuru ini lifungue ghala, na sukari humiminika katika damu ili upate nguvu ya kukimbia. Ukikimbia, sukari hiyo hutumika, na mambo huisha. Mwili umetengenezwa vizuri kwa ajili ya nyoka.

Lakini mwenye nyumba anayedai kodi si nyoka. Humkimbii, unakaa kitandani, macho yako darini, na ghala linafunguliwa vilevile. Kesho hivyo, mwezi ujao hivyo. Tena kortisoli ikikaa juu siku nyingi huifanya ile milango ya mwili kuwa migumu, na huelekea kuongeza mafuta ya tumboni, ambayo nayo huifanya migumu zaidi.

Habari hii si ngeni kwa waganga wa Ulaya. Thomas Willis, daktari wa Uingereza aliyefariki mwaka 1675, aliandika kwamba huzuni ya muda mrefu huweza kuleta kisukari. Alikuwa akisema kwa kuona tu. Mwaka 1849 Mfaransa aitwaye Claude Bernard alichoma kwa sindano sehemu fulani ya ubongo wa sungura, na sukari ikatokea katika mkojo wa mnyama huyo. Ubongo uliguswa, sukari ikapanda. Anayesema mambo ya kichwani hayahusiani na sukari ya mwilini, mwambieni habari za sungura huyo.

Je, majirani wameshinda? Bado. Mawazo hayakuanza jana. Babu zetu walifiwa, walipata njaa na vita, nao hawakulala vizuri. Hata hivyo, watafiti walipopima watu wazima katika vijiji vya Tanzania, na kuchapisha habari zao mwaka 1989, waliona kisukari kwa karibu mtu 1 tu katika kila 100. Mwaka 2012 walipimwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini, na karibu 9 katika kila 100 walionekana na sukari iliyopanda, au walikuwa wakitumia dawa za kisukari. Vipimo hivyo viwili havikufanywa kwa njia moja, wala havikuwapima watu wa namna moja, kwa hiyo msivilinganishe kama bei za nyanya. Lakini mwelekeo unaonekana. Zamani mtu mwenye mawazo aliamka akaenda shambani, akachota maji, akatembea maili nyingi. Sukari iliyotolewa na hofu ya usiku ilitumiwa na jembe la asubuhi. Leo mtu huyohuyo hupanda bodaboda mpaka kibandani, akakaa, akanywa soda.

Tuseme yuko mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga. Mumewe amefariki, naye amechukua mkopo ule ambao watu wameuita "kausha damu". (Waliolitoa jina hilo wanajua kuita vitu; mfuko kweli hukauka, ila katika damu jambo jingine huongezeka.) Marejesho ni kila siku. Hulala saa sita za usiku na kuamka saa tisa. Mchana hana hamu ya chakula, usiku hula chapati na soda, kwa kuwa kitu kitamu hutuliza moyo kidogo. Zamani alikwenda kanisani kwa miguu pamoja na wenzake; siku hizi hawaendei wenzake, kwa haya ya deni. Niambieni, mama huyu ana ugonjwa wa chakula au wa mawazo? Mawazo ndiyo yaliyomnyima usingizi, usingizi ukaharibu chakula, na aibu ikamkatisha safari ya miguu. Nayo mambo yote hayo yaligonga mlango mmoja.

Usingizi peke yake ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Huko Chicago, Marekani, wataalamu waliwalaza vijana 11 wenye afya kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, siku 6 mfululizo. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1999. Miili ya vijana hao, isiyo na ugonjwa wowote, ilianza kushindwa kuiondoa sukari katika damu kama ilivyopasa. Walinzi wa usiku na madereva wa malori, sikieni.

Huzuni ikidumu majuma mawili au zaidi, mtu akakosa furaha hata kwa mambo aliyoyapenda, akajiona hafai kitu, huo si uvivu wala ukosefu wa imani. Ni ugonjwa, nao huitwa sonona. Wenye sonona hupata kisukari zaidi kuliko wengine, na wenye kisukari hupata sonona karibu mara mbili ya watu wasio nacho. Mlango huo hupitwa pande zote mbili. Kadhalika dawa nyingine za magonjwa ya akili huongeza uzito na sukari. Anayezitumia asiziache kwa nafsi yake, maana hatari ya kuziacha ni kubwa. Amwombe daktari ampime sukari mara kwa mara.

Nini kifanyike? Mwaka 2002 yalitangazwa Marekani matokeo ya jaribio la watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, lakini hawajaugua. Kundi moja lilitakiwa kupunguza kilo 7 katika kila 100 za uzito wao, na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma. Kundi la pili lilipewa dawa ya metformini, na la tatu vidonge visivyo na dawa. Hesabu ni hii: kama katika kundi la tatu waliugua watu 100, basi katika kundi la metformini waliugua 69, na katika kundi la kutembea 42. Watu husimulia habari hiyo na kuishia hapo. Mimi nataka mjue kwamba kundi la kutembea halikupewa karatasi ya amri na kuambiwa kwaherini. Kila mmoja alikuwa na mshauri wake, na masomo 16 ya kuzungumza naye. Mtu hakuachwa peke yake na tumbo lake.

Sisi hatuna washauri wa kutosha. Wazimbabwe hawakuwa nao pia. Tangu mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda wa Harare amewafundisha bibi vizee kukaa na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza, hatua kwa hatua, mpaka mtu apate la kufanya juu ya tatizo lake moja. Kwa Kishona ugonjwa huo huitwa kufungisisa, yaani kufikiri mno. Sisi twasema mawazo. Jaribio lililochapwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nanyi msingojee kiu kali, kukojoa mara nyingi au kukonda ndipo mwende kupimwa, maana wengi hawaoni dalili yoyote. Nenda asubuhi kabla ya kula. Uliza tarakimu yako na uiandike katika daftari lako la kisomo. Ndiyo faida ya kujua kuandika. Ikifika 7 au zaidi, kipimo hurudiwa ili kuhakikisha. Mwambie mganga pia unalala saa ngapi, na kama una jambo linalokusumbua. Asipouliza, anza wewe.

Sasa mwalimu atazima redio. Kwanza pigeni hesabu: dakika 150, zikigawanywa kwa siku 5, ni dakika ngapi kila siku? Kisha mzungumze juu ya yule mama wa samaki. Deni hawezi kulifuta leo. Katika kulala, kula, kutembea na kukaa na wenzake, aanze na lipi, na nani katika darasa hili angeweza kwenda naye?