Reli, trela na neno "soko huria"

Kwenye mijadala kila upande unaimba "soko huria". Wacha tulipime neno hili kwa mambo ya hapa hapa Mombasa.

1. Sheria ya Ushindani ni ya mwaka 2010. Haimkatazi mtu kuwa mkubwa. Duka likiuza kushinda yote Marikiti, hongera zake. Kosa ni wenye maduka kukaa chini wakapatana bei, au mkubwa kutumia ukubwa wake kuwafungia wengine mlango.

2. Agosti 2023, Mamlaka ya Ushindani ilizitoza kampuni 9 za chuma faini ya zaidi ya shilingi milioni 338 kwa kupanga bei. Chuma ndiyo nondo. Anayejenga chumba kimoja Kisauni analipia mapatano ambayo hakuyajua.

3. Sasa je, anayefunga mlango akiwa ni serikali? Agosti 2019 lilitoka agizo: mizigo ya kwenda Nairobi na bara ipande SGR, forodha ikamalizwe huko Nairobi. Reli haikumshinda mwenye trela kwa bei wala kwa haraka. Ilipewa wateja kwa barua.

4. Trela haisimami peke yake. Inasimama na utingo, fundi tairi, mama wa chakula Miritini, na wakala wa forodha mwenye ofisi Moi Avenue. Watu wakaandamana kila Jumatatu. Novemba 2020, Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema agizo lilikiuka Katiba; wananchi hawakushirikishwa.

5. Tuwe wakweli: wanaoitetea reli wana hoja. Ilijengwa kwa mkopo wa Uchina, na deni lazima lilipwe. Malori nayo yanachosha barabara. Lakini basi reli ishushe bei, ifikishe mzigo mapema, mteja aje mwenyewe. Ukimlazimisha, hutajua kamwe kama huduma yako ni nzuri.

6. Septemba 2022 shughuli za forodha zikarudishwa Mombasa. Tulishangilia, sawa. Ila zilirudi kwa tamko, na kinachorudi kwa tamko huweza kuondoka kwa tamko.

Kwa hiyo, mgombea akikwambia "nitailinda bandari", usipige makofi bado. Muulize: kwa sheria gani, na mwenye mzigo atabaki na hiari ya kuchagua?

Tujadiliane.