Zawadi za Noeli: Je, Watu Wazima Wapeane?



Sisi walimu tumeombwa kusema machache juu ya jambo ambalo kila mwezi wa kumi na mbili linaleta ugomvi majumbani: je, watu wazima wapeane zawadi siku ya Noeli?

Wengi wetu tunatoka Fizi na Uvira. Kambi hii ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na wengine tumefika baadaye. Kule kwetu zawadi ilikuwa ya mtoto. Wabelgiji walikuja na desturi ya Mtakatifu Nikola, tarehe 6 Desemba, nayo pia ni ya watoto. Mtu mzima alimkumbuka mwenzake kwa samaki, mkungu wa ndizi au sahani ya sombe. Hata Mamajusi tunaosoma katika Injili ya Mathayo walileta dhahabu, uvumba na manemane kwa mtoto. Hatusomi kwamba walipeana wao kwa wao.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mume asiyeleta kitenge anaambiwa hapendi. Mkwe asiyetuma kitu anasemwa. Na pesa inatoka wapi? Unga na maharage ya posho vinauzwa kwa bei ya kutupa, au mtu anakopa. Mwaka 2023 posho ilipokatwa hadi nusu, kila nyumba ilijua uzito wa kopo moja la unga. Sisi walimu tunayaona madeni ya sikukuu mwezi wa kwanza, mtoto anapolala juu ya daftari kwa njaa. Kitenge hicho amekilipa yeye.

Wako wanaosema basi tuache kabisa, tu wakimbizi. Hapo hatukubaliani nao. Mkimbizi anapanga mstari, anaonyesha kadi, anapokea. Mtu anayepokea tu, mwaka baada ya mwaka, anachoka moyoni. Akitoa, anakumbuka kwamba yeye bado ni mzazi, ni jirani, ni mtu. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya.

Kwanza, chakula cha posho kisiuzwe ili kununua zawadi.

Pili, watu wazima wapeane kazi ya mikono. Kandika ukuta wa mjane kabla mvua haijaubomoa. Mchotee maji mzee asiye na mtoto. Mshonee jirani nguo iliyochanika. Salongo tunaijua, tuifanye safari hii bila kuamriwa.

Tatu, tusichanganye zawadi na likelemba. Katika likelemba kila mtu anahesabu zamu yake, na ni haki. Zawadi haihesabiwi. Ukimpa mtu ukangoja akurudishie, umemkopesha.

Nne, watoto wasisahauliwe. Mpira wa matambara na gari la waya havitoki dukani, na baba akikaa chini kuvitengeneza pamoja na mtoto, amempa pia muda wake.

Tano, sahani ivuke mipaka. Ndugu zetu Waislamu wanatuletea sahani siku ya Idd; nasi tuwapelekee. Vilevile majirani Warundi waliofika kuanzia mwaka 2015.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, tunajua kanuni zenu hazipendi mpokee zawadi kutoka kwetu. Kanuni hiyo ni nzuri, inamlinda mnyonge asitoe kitu ili ahudumiwe. Lakini mama akiwakaribisha kigoda, kaeni kidogo, mzungumze. Hiyo haivunji kanuni, na yeye atakuwa ametoa.

Mume na mke wazungumze mapema, kabla ya sikukuu, wakubaliane. Anayependwa atajulikana mwezi wa kwanza pia, chungu kikiwa jikoni.

 Noeli njema.