Gari la Mwanangu na Barabara ya Watu Wote

Mada iliyotolewa kwa wazazi na viongozi wa walei, Tunduma





Tume ya Haki na Amani iliponiomba niseme juu ya jambo hili, nilitaka kukataa. Swali lenyewe lilizuka katika kikao cha jumuiya: je, yampasa mzazi aliyejaliwa mali kumnunulia mtoto wake wa miaka 16 au 17 gari la kifahari? Wengi walicheka. Mmoja alisema swali hilo lipelekwe Dar es Salaam, kwa wakazi wa Masaki na Oysterbay, maana sisi wa Tunduma bado tunahangaika na ndoo za maji. Mimi sikucheka, na sababu yake nitaieleza kabla sijaketi.

Kwanza niseme kwamba swali ni letu. Mji huu umelelewa na barabara. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipita hapa, kisha ikaja reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Mwaka 2016 tukawa Mkoa wa Songwe, makao makuu yakiwa Vwawa, na mwaka 2019 kikafunguliwa kile kituo cha pamoja cha forodha kati yetu na ndugu zetu wa Nakonde. Pamoja na hayo ikaja fedha. Wapo kati yetu waliotajirika kwa mahindi na mpunga, kwa kahawa ya Mbozi, kwa nyumba za wageni, kwa uwakala wa mizigo ya kwenda Lubumbashi. Si dhambi. Wengi wameipata kwa jasho, wakilala juu ya magunia sokoni. Na kila siku wanayaona magari yakipita, yale tuyaitayo magari ya IT, yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda nchi jirani, yaking'aa, yakikimbia. Kijana wa Tunduma huyajua majina ya magari kabla hajazijua sala zake zote. Kwa hiyo baba akifanikiwa, kitu cha kwanza anachoombwa nyumbani anakijua.

Tena kuna majira yake. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Kati ya hapo kijana hukaa nyumbani miezi mingi, hana shule, hana kazi, na mama yake anamwonea fahari. Hapo ndipo ahadi za kale hukumbushwa: "Baba, ulisema nikimaliza..."

Wazazi wanaonunua wana sababu zao, na ni haki kuzisikia. Husema: mali ni yangu, nimeitafuta ili wanangu wasiteseke kama nilivyoteseka. Husema kijana akiwa na gari ataisaidia biashara, atampeleka mama yake hospitalini usiku, hatapanda bodaboda za wahuni. Sababu hii ya mwisho naiheshimu. Ni kweli mtoto wa nyumba anaweza kuwa msaada mkubwa. Lakini gari la kumpeleka mama hospitalini halihitaji kuwa la thamani ya nyumba mbili, wala halihitaji kutembea saa nne za usiku kutoka Mpemba hadi mpakani na kurudi, likipiga muziki.

Sheria ya nchi imekwisha kujibu sehemu ya swali. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimpi leseni ya kuendesha gari mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Tena mwenye gari anayemruhusu asiye na leseni aliendeshe, naye anatenda kosa. Haya yanajulikana. Lakini mmezoea kusikia, kama nilivyozoea kusema mimi: "Polisi wananifahamu." Ndugu zangu, maneno hayo mawili ni mwanzo wa udhalimu mwingi katika nchi hii. Maana yake ni kwamba sheria imewekwa kwa ajili ya mtoto wa mwenzangu, yule asiyefahamika.

Naye yupo, na rika lake ni lile lile. Tazameni foleni ya malori, ambayo siku nyingine hunyoosha kilomita nyingi kutoka mpakani. Wanaopita kando yake wakiuza maji na karanga ni wa miaka 15, 16, 17. Wanaoviringisha magurudumu chini ya malori ni mautingo wa umri huo. Wanaoliosha gari la kijana wetu kwa shilingi chache ni wenzake waliokaa naye dawati moja la shule ya msingi. Mimi siwezi kuamini kwamba jambo hili haliwaumizi. Wala siamini kwamba halimwumizi yule aliye ndani ya kioo cheusi, ijapokuwa yeye hutambua baadaye sana.

Wazee kati yetu wanakumbuka kwamba mara baada ya uhuru Waswahili walilibuni neno Wabenzi, kabila jipya lililotambulika kwa gari badala ya lugha. Wanakumbuka pia miaka ya shida ya mafuta, pale magari ya binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili alasiri. Sisemi siku zile zirudi. Tulipanga foleni ya sukari, nami sina hamu nazo. Lakini kulikuwa na jambo moja: gari lilikuwa kitu ambacho mtu aliulizwa habari zake. Amelipataje? Linamsaidia nani? Siku hizi hatuulizani tena, hata kanisani, labda kwa sababu lile gari limetoa mchango mzuri kwenye ujenzi wa nyumba ya mapadre. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliandika waraka wake juu ya maendeleo ya watu, akafundisha kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kujilimbikizia kisichomlazimu ilhali wengine wamekosa mahitaji ya lazima. Tumeusoma katika semina zetu, tukaupigia makofi.

Sasa nieleze kwa nini sikucheka.

Mimi nililinunua gari hilo. Si mwaka huu, lakini si zamani mno. Mwanangu alikuwa na miaka 17, amemaliza mtihani wiki mbili tu. Nilimkabidhi funguo mbele ya wageni, na picha zilipigwa. Dada yake alikuwa ameniomba ada ya chuo cha uuguzi mwezi ule ule, nikamwambia avute subira hadi mavuno. Hilo nalo nalikumbuka leo. Siku ile halikunisumbua hata kidogo.

Katikati ya Desemba, jioni, mvua ikinyunya, alimgonga mama mmoja pembezoni mwa lami. Mama yule alikuwa akitoka kununua mbegu na mbolea. Walioshuhudia walisema alikuwa akitembea mahali pake, nje ya mstari. Alivunjika paja. Mwanangu hakukimbia, namshukuru Mungu kwa hilo. Alimpakia mama yule ndani ya gari akampeleka hospitalini, kisha akanipigia simu akilia.

Nami nilifanya kile ambacho wenye nacho hufanya. Kijana hakuwa na leseni. Ilikuwapo bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa nje anayegongwa, lakini bima wangeuliza dereva alikuwa nani na leseni yake iko wapi. Polisi nao wangeuliza. Kwa hiyo kabla ya saa mbili usiku nilikuwa nimempata shemeji wa mama yule na mzee mmoja wa ukoo wao, na kesho yake tulikaa wanaume watano sebuleni kwangu. Tulikunywa chai. Tulizungumza kwa upole, kama Wakristo. Nikagharimia matibabu, nikatoa na fedha juu yake, shemeji akatia sahihi karatasi kwamba mambo yamekwisha. Tukasali kabla ya kuachana. Niliondoka hapo nikijihesabu kuwa mtu mwema, maana wapo wasiolipa kitu.

Mama mwenyewe hakuwapo. Alikuwa kitandani, mguu umening'inizwa. Hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Yafikirini yaliyofuata, ninyi mnaolima. Kwetu mahindi hupandwa mvua za kwanza, Novemba na Desemba. Mama huyu ni mjane. Mbolea aliyokuwa ameibeba ilimwagika barabarani. Aliruhusiwa kutoka hospitalini wakati mahindi ya wenzake yamekwisha kubeba. Mwaka ule hakuvuna. Ile fedha ya ziada haikumfikia isipokuwa kidogo. Shemeji alikuwa na shida zake. Binti yake wa kidato cha pili alibaki nyumbani kumwuguza, na mwaka ukapotea. Elimu ya sekondari ilikuwa bila ada, ni kweli, lakini nani angepika, nani angechota maji?

Haya yote sikuyajua, kwa sababu nilikuwa na karatasi yenye sahihi. Niliyapata kwa mama mmoja wa WAWATA aliyemtembelea, naye hakuniambia kwa kunishutumu. Alidhani nayafahamu.

Ndiyo sababu nasema kwamba swali la gari la mtoto si suala la malezi tu. Tunapolijadili, huwa tunauliza: je, mtoto ataharibika? Atakuwa mvivu? Atafuatwa na wasichana? Hayo ni maswali ya kweli, lakini yote yanamhusu mtoto wetu. Barabara haimhusu mtoto wetu peke yake. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba ajali za barabarani ndizo zinazowaua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote duniani, na kwamba watu wapatao milioni 1 na laki 2 hufa kwa ajali hizo kila mwaka. Zaidi ya nusu yao ni watu wa miguu na waendao kwa baiskeli na pikipiki. Maana yake, asiye na gari hubeba sehemu kubwa ya hatari iliyoletwa na mwenye gari. Nikimpa mwanangu funguo kabla ya wakati, namtoza kodi mtu nisiyemjua, aendaye kwa miguu, bila kumwuliza.

Sitaki mtu atoke hapa akisema nimewashambulia matajiri. Pikipiki ninaiweka katika hesabu hiyo hiyo. Wapo wazazi maskini waliouza ng'ombe wamnunulie kijana wa miaka 16 pikipiki ya bodaboda, awalishe. Kwao hukumu yangu ni laini zaidi, kwa kuwa wanasukumwa na njaa, hali mimi nilisukumwa na picha. Lakini mguu uliovunjwa na pikipiki ya njaa huuma sawasawa. Kijana asubiri miaka 18, afunzwe katika chuo, apate leseni yake kwa mtihani wala si kwa bahasha. Kisha, kama familia ina chombo cha kazi, akitumie kwa kazi na arudishe funguo mezani. Gari la fahari atajinunulia mwenyewe siku atakapokuwa na fedha zake, naye atajua bei ya kila tairi.

Naziomba pia jumuiya jambo moja ambalo halina gharama. Ajali ikitokea kati ya waamini, msikubali imalizwe sebuleni kwa mwenye gari. Polisi waarifiwe. Aliyeumia asikilizwe yeye mwenyewe, hata kama ni kitandani, hata kama ni mwanamke na ukoo una wazee wake. Viongozi wa jumuiya wawepo, na fedha ikabidhiwe mkononi mwake. Sisi wa Tume tuko tayari kusindikiza.

Mwaka jana nilikwenda kwa mama yule pamoja na mwanangu, ambaye sasa ni mtu mzima. Gari nilikwisha kuliuza, na binti yangu alikwenda chuo kwa fedha ile, kwa kuchelewa. Tulimkuta akipukuchua mahindi. Anatembea, lakini anachechemea, na mlima wa kwenda kisimani humshinda. Nilimwomba radhi, kisha nikamwuliza angetaka nini siku ile kama tungalimwuliza. Nilidhani atataja fedha.

Alikaa kimya kidogo, akamtazama mwanangu. Akasema: "Ningetaka huyu aje anipandie shamba. Lilikuwa ekari moja na nusu tu. Wiki moja ingemtosha."

Mwanangu alipanda msimu huu. Kwa jembe, kwa sababu mama alikataa trekta.