*MANENO YA KATIBU WA TAWI KWENYE MKUTANO WA TAWI, BUGARAMA: SARE, MADAFTARI NA UJI*

_Kwa wanachama wote. Haya ndiyo aliyoyasema Katibu wetu Jumamosi. Tumeyaandika kwa ajili ya waliokuwa msibani, shambani na safarini. Mabalozi, wasomeeni wenzetu ambao simu zao hazipokei ujumbe wa namna hii. Katibu Mwenezi._

Kidumu Chama Cha Mapinduzi!

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu wa UWT, vijana, ndugu mabalozi wa mashina. Shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine poleni na palizi. Naona wingu limekaa upande wa Burundi, kwa hiyo nitasema la kwangu kabla mvua haijatutawanya.

Shule zinafunguliwa Januari. Niliwaomba mabalozi kila mmoja apite kwenye nyumba zake 10 aangalie watoto wa umri wa shule ya msingi ambao mwaka huu hawakwenda, au walikwenda wakaacha. Wameniletea majina. Sitayasoma hapa, na sababu mtaisikia. Niseme tu kwamba sikutegemea orodha iwe ndefu vile. Kuna mtoto mmoja nampita kila asubuhi akichunga mbuzi, tunasalimiana, na haijanijia hata siku moja kumuuliza mbona hayuko darasani.

Mtu atasema, lakini elimu ni bure. Ni kweli. Serikali yetu ilitoa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima ikaondolewa. Tuliliona hapa hapa: darasa la kwanza likafurika, watoto wakakaa chini. Wazee wanakumbuka kwamba haikuwa mara ya kwanza. Azimio la Musoma la 1974 liliagiza kila mtoto wa umri wa shule aanze shule ifikapo 1977. Baadaye, miaka ya themanini, hali ya uchumi ikabana na malipo yakarudi. Ulipokuja MMEM, ada ikaondolewa tena, na wanafunzi wa shule za msingi nchini wakaongezeka kutoka milioni 4 na ushee mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Kisha michango ikaanza kuchipua kidogo kidogo kama magugu, mpaka ikaja kung'olewa 2016.

Sasa naomba tusikilizane vizuri. Waraka Na. 3 wa 2016 ulieleza nani anabeba nini. Serikali inapeleka ruzuku: kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hiyo, 4,000 ni ya vitabu vinavyonunuliwa kutoka juu, na 6,000 ndiyo inayofika shuleni. Gawanyeni kwa miezi 12, mtoto mmoja ana shilingi 500 kwa mwezi, nayo ni ya chaki, karatasi za mitihani, michezo na kuziba tundu la bati. Yanayobaki ni ya mzazi: sare, madaftari, kalamu, chakula cha mchana, matibabu. Serikali haikuficha hilo, limeandikwa. Ni sisi tuliosikia neno "bure" tukaacha kusikiliza mbele.

Kwa nyumba yenye kahawa kidogo na migomba iliyosimama, hayo yanabebeka. Kwa bibi aliyeachiwa wajukuu wanne, hayabebeki. Na mtoto wa darasa la pili hawezi kukueleza kwamba tatizo lake ni la kiuchumi. Anachojua ni kwamba shati lake limechanika mgongoni na wenzake wanacheka, na kwamba saa nne wenzake wakipanga foleni ya uji yeye anakwenda kukaa chini ya mti, kwa sababu nyumbani kwao debe la mahindi halikupelekwa. Siku ya kwanza anakaa chini ya mti. Siku ya tatu anakaa mtoni. Wiki ya pili ana mbuzi wa mtu.

TASAF wanafanya kazi yao. Mpango wa kunusuru kaya maskini unamtaka mtoto wa kaya iliyoandikishwa ahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na kwa nyumba zilizomo umesaidia, tumeona. Lakini mabalozi wanajua zipo nyumba ambazo siku ya kuandikishwa hali yao ilikuwa nzuri, kisha baba akafa, au mvua ikawapitia mbali. Hizo ndizo nazungumzia.

Kuna waliosema tusubiri nikeli. Ndugu zangu, nikeli iko kwenye kata yetu, hilo wala si porojo, na Serikali ina hisa 16 kwa mia kwenye ile kampuni ya mradi. Wapo humu waliopata fidia wakajenga, wapo ambao mradi haukuwagusa. Sheria ya Madini, tangu ilipofanyiwa marekebisho 2017, inamtaka mwenye mgodi awe na mpango wa huduma kwa jamii wa kila mwaka, na ukubaliwe na halmashauri. Kwa hiyo vyumba vya madarasa, nyumba za walimu na vyoo vya wasichana tuvidai huko, kwenye vikao, kwa barua na kwa mihtasari. Nitaandika mimi mwenyewe. Lakini niambieni, mtoto wa miaka saba atasubiri kikao cha halmashauri ndipo apate daftari la mistari? Daftari linauzwa hapo dukani, kutoka hapa nilipo naliona.

Nije kwenye jambo lililonifanya niombe kusimama leo.

Mwaka juzi mimi, kwa mkono wangu, nilimnunulia mtoto wa kike sare na madaftari. Anaishi na bibi yake, alikuwa darasa la tatu. Nilimwita mbele ya watu, nikampa, nikamwambia anyanyue madaftari juu kidogo, nikapiga picha. Nikaituma kwenye kundi na maneno mazuri chini yake. Wengi wenu mlinipongeza, mkaweka vile vidole gumba. Picha ikasambaa, ikafika kwenye simu za wazazi wengine, na kwa wazazi ikafika kwa watoto. Wakamtungia jina. Walimwita "Msaada". Akiingia darasani, Msaada kaja. Akikosea hesabu, Msaada hajui.

Akaacha kwenda. Mimi nikakasirika, nikaenda kwa bibi yake kama mtu anayekwenda kudai. Nikamwambia, mama, sare nimenunua, madaftari nimenunua, mtoto yuko wapi? Bibi akanikaribisha, akanipa kigoda, akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Mwanangu, ungeniletea usiku."

Basi. Hakusema lingine, na mimi sikuwa na la kujibu. Yule mtoto sasa yuko kwa shangazi yake, upande wa Biharamulo, nasikia anasoma. Bibi amebaki bila mtu wa kumchotea maji. Ile picha niliifuta kwenye simu yangu, lakini kwenye simu zenu ipo, na nawaomba leo muifute.

Wazee wa hapa mliona mwaka 1994, watu walivyovuka daraja la Rusumo maelfu kwa maelfu kwa siku moja, na Benaco ikawa mji. Mliona watu wazima, waliokuwa na mashamba na heshima kwao, wakisimama foleni na kadi mkononi wahesabiwe. Hamkusimuliwa, mliona kwa macho. Nashangaa sisi tuliojifunza hayo mlangoni kwetu tulivyosahau upesi. Na wengine mnaujua utaratibu wa wafadhili wa ng'ambo: picha ya mtoto, namba yake, barua ya kushukuru kila baada ya muda. Siwalaumu, wamesomesha wengi, na mtu aliye mbali anataka kuona fedha yake imekwenda wapi. Lakini sisi hatuko mbali. Ukitaka kujua kama mtoto anasoma, simama barabarani asubuhi.

Kwa hiyo naleta hoja yangu, mkiipitisha tuanze.

Tawi tuwe na mfuko wa watoto wa Januari. Mwenye nacho atoe shilingi 1,000 kwa mwezi. Asiye nacho atoe kilo ya maharage au mahindi wakati wa mavuno, iende kwenye uji. Mama zetu wawili wenye cherehani wamekubali kushona bila malipo tukileta kitambaa, cheupe cha mashati, cha bluu cha kaptula na sketi. Fedha zisiingie kwenye simu yangu wala ya Mwenyekiti. Atunze mama mmoja wa UWT, daftari la hesabu alishike mzee mmoja wa Jumuiya ya Wazazi, na kila mkutano lisomwe mbele yetu: kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, mita ngapi za kitambaa. Majina ya watoto yasisomwe. Yatajulikana kwa balozi wa shina lile na mwalimu mkuu, basi.

Sare ikishonwa, mama mmoja aipeleke nyumbani jioni, kama jirani anavyompelekea jirani chumvi. Hakuna picha, hakuna hotuba. Na sare isiwe na rangi yetu ya kijani wala nembo. Najua kuna kijana hapa amenikazia macho. Nitalisema hilo wazi.

Kwenye kikao cha kamati ilitoka hoja: tusaidie watoto wa wanachama kwanza. Mwingine akasema, fulani ni wa chama kile kingine, kwenye kampeni alitutukana, leo tumvishe mwanawe? Ndugu zangu, mtoto wa miaka saba hana kadi. Imani ya Chama chetu, ile tunayoitamka tukisimama, inaanza na usawa wa binadamu, haianzi na orodha ya waliolipa ada ya uanachama. Na kumbukeni hii Jumuiya ya Wazazi ilikotoka. Ilianza 1955 kama TAPA, mkoloni bado yupo na shule za Waafrika zikiwa chache. Wazazi walichanga wenyewe, wakajenga vibanda vya kusomea watoto, na TANU ikawa nyuma yao. Watu wale hawakuwa na ruzuku wala waraka. Sisi tunao waraka, tunashindwa shati.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, na aliyeitoa ni mtu ninayemheshimu. Alisema: baba yake anakunywa rubisi kuanzia saa tatu asubuhi, tukimvisha mtoto tunamlipia baba pombe. Nimelifikiria siku kadhaa. Ni kweli, shati tutakalolinunua litamwachia yule baba fedha aliyopaswa kulinunulia, na fedha hiyo tunajua inakoishia. Sina dawa ya hilo. Yule baba tumwite, wazee wamkalie, mtendaji wa kijiji aambiwe, maana kumzuia mtoto asisome ni kosa la kisheria. Lakini hayo yatachukua miezi, na Januari haitamsubiri mlevi. Mtoto akikosa darasa la kwanza mwaka huu, mwakani atakuwa mkubwa kuliko wenzake, ataona haya, hatakwenda. Kati ya kumpunguzia mlevi mzigo na kumpoteza mtoto, mimi nachagua kumpunguzia mlevi mzigo. Mnaweza kunipinga, tukapiga kura.

Na jambo dogo la mwisho. Sera ya elimu ya sasa inasema elimu ya lazima ni miaka 10. Maana yake hawa tunaowaanzisha Januari hatutawaacha wakimaliza shule ya msingi. Anayeona shilingi 1,000 ni ya mwaka mmoja aseme mapema, tutamwelewa.

Mabalozi, waliobaki kuleta majina wayalete kwangu kwa mkono kabla ya Ijumaa. Msiyaandike kwenye kundi. Kitambaa tutakwenda kukinunua Ngara mjini Jumatatu, anayekwenda gulioni na pikipiki siku hiyo aniambie tugawane mafuta. Mama zetu wa cherehani wanaomba uzi mweupe na vifungo. Mwenye sare iliyomkaa ndogo mwanawe asiitupe wala asiifanye tambara, ailete imefuliwa.

Mwenyekiti, nimemaliza. Wingu limekaribia.

_Maazimio: Hoja ya mfuko imepita. Hoja ya kusaidia watoto wote bila kuangalia chama cha mzazi imepita kwa kura, watatu wakipinga. Picha ya mwaka juzi, kila mwenye nayo aifute._