Mbwa wa Pirenei na Wajibu wa Mwenye Kundi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya wafugaji)



Mfugaji anayeamka asubuhi na kukuta kondoo wake wameraruliwa hufikiri kwanza kutafuta mbwa mkali. Nimeombwa nieleze habari za mbwa mmoja mashuhuri kwa kazi ya ulinzi. Nitaonyesha kwamba kinacholinda kundi ni malezi, wala si ukali.

Asili ya mbwa huyu ni milima ya Pirenei, mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Ni mweupe, mwenye manyoya marefu. Dume husimama sentimeta 70 hadi 80 mabegani, na uzito wake huweza kupita kilo 50. Wachungaji wa huko walimfuga tangu zamani awakinge kondoo na dubu na mbwa-mwitu wa Ulaya. Mbwa-mwitu hao walipokwisha kuangamizwa nchini Ufaransa, wengi waliona mlinzi huyu hana kazi tena. Lakini mwaka 1992 mbwa-mwitu walionekana upya katika Hifadhi ya Mercantour, wakitokea Italia, na wafugaji wakamrudia.

Kwanza, malezi. Mtoto wa mbwa huwekwa zizini anapofikia umri wa majuma manane hivi, akalala na kula karibu na kondoo. Akizoea jikoni, atalinda jiko. Hata hivyo ni lazima azoee kushikwa na mwenyewe, kwani hakuna mganga wa mifugo awezaye kumtibu mnyama wa kilo 50 asiyeshikika. Akiwakimbiza wana-kondoo akanywe papo hapo, wala asiaminiwe peke yake kabla ya kukomaa, yaani yapata miaka miwili.

Pili, manyoya. Yapo ya tabaka mbili: ya nje marefu na magumu, ya ndani laini kama sufu. Achanwe walau mara moja kwa juma, na zaidi anapopukutisha. Tazameni nyuma ya masikio, makwapani na mapajani, ambako manyoya husokotana na kupe hujificha. Msimnyoe, maana manyoya hayo humkinga na jua kama yanavyomkinga na baridi. Miguu yake ya nyuma ina vidole viwili vya ziada visivyogusa ardhi. Kucha zake hazisagiki, basi zikatwe.

Tatu, chakula na afya. Mtoto asinenepeshwe, kwa sababu mifupa yake bado inakua. Mkubwa agawiwe chakula mara mbili kwa siku, wala asile mara tu baada ya kukimbia. Mbwa wa kifua kikubwa huweza kujaa hewa tumboni, tumbo likajipinda, naye akafa kwa saa chache. Achanjwe kichaa cha mbwa na apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya mganga.

Tena, asipewe maini wala mapafu mabichi ya kondoo. Vifuko vya maji vilivyomo humpa mbwa tegu mdogo, ambaye mayai yake yakimwingia mtu humletea uvimbe wa ini au mapafu. Turkana wanaufahamu sana ugonjwa huo. Viungo vibovu vichomwe au vifukiwe chini sana.

Nne, hali ya hewa. Mbwa huyu ni wa milimani. Kwa nyanda zenye joto, mfano wa kufuata ni Namibia, ambako tangu mwaka 1994 wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wa Anatolia, kutoka Uturuki, wenye manyoya mafupi, ili duma wasiwashambulie mbuzi na kondoo wao.

Ndugu wanachama, kabla chama hakijaidhinisha fedha za kununua mlinzi wa namna hii, kamati iulize: nani atamlisha, nani atamchana, nani atampeleka kuchanjwa? Bei hulipwa siku moja, lakini matunzo hulipwa kila siku kwa miaka kumi. Asiyeweza kulipa hayo ya pili, asilipe ya kwanza. Aimarishe boma lake.